Mshahara wa Prosesa Kuukuu

Jumanne moja jioni mpwa wangu alinitumia picha mbili kutoka dukani Kariakoo. Seva mbili za mtumba zilikuwa zimelazwa juu ya kaunta, bapa na ndefu, kila moja na kikaratasi cha bei kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Hii ya kwanza ina prosesa mbili za Xeon X5670, ya pili ina mbili za E5-2670. Ya kwanza bei yake ni nusu ya mwenzake. Namba yake kubwa, na gigahezi ni 2.93, wakati ile ni 2.6 tu. Si nichukue hii ya kwanza?"

Ana studio ndogo ya katuni Sinza, yeye na wenzake wawili. Wanatengeneza picha kwa Blender, na laptopu zao hukesha zikipiga hesabu za filamu ya sekunde chache tu. Hela ya mashine wameichanga kwa miezi.

Nilimjibu, "Marahaba. Usilipe kwanza." Kisha nikabaki na simu mkononi. Prosesa hizo mbili nimeishi nazo zaidi ya miaka kumi, na swali lake hilohilo niliwahi kulijibu mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikosea.

Mwaka 2011 nilikuwa kijana wa TEHAMA katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Kazi zangu zilikuwa wino wa printa, nywila zilizosahaulika, na chumba cha seva, ambacho kwa kweli kilikuwa stoo ya zamani iliyofungwa kiyoyozi. Humo ndimo ilimofikia seva yetu ya kwanza ya maana, mpya kabisa, yenye X5670 mbili. Intel walikuwa wameitoa prosesa hiyo Machi 2010: kore 6, nyuzi 12, kache ya megabaiti 12, mwendo wa gigahezi 2.93 unaoweza kupanda hadi 3.33. Ilipotoka, prosesa moja peke yake iliuzwa zaidi ya dola 1,400. Nilizikariri namba hizo kama mtoto anavyokariri majina ya wachezaji wa timu yake.

Miaka miwili baadaye ikaletwa ya pili, yenye E5-2670, prosesa iliyotoka Machi 2012: kore 8, nyuzi 16, kache ya megabaiti 20, gigahezi 2.6 zinazopanda hadi 3.3, bei zaidi ya dola 1,500. Mkuu wa fedha akauliza kikaoni mfumo wa mishahara ukae kwenye mashine ipi. Nikajibu bila kusita kwamba ubaki kwenye ya zamani, kwa sababu 2.93 ni kubwa kuliko 2.6. Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuja kufunga mashine mpya, alitabasamu. "Jaribu kwanza, kijana," akasema.

Tukaanza na kazi ya kubana mafaili ya akiba ya kila usiku. Mashine mpya iliiacha ya zamani mbali, nami nikakosa pa kuweka uso. Fundi hakunicheka. Alinieleza kwamba gigahezi ni hesabu ya hatua zinazopigwa kwa sekunde, haikwambii hatua moja ina urefu gani. Mtoto anayemfuata babake sokoni hupiga hatua nyingi kuliko babake, na bado huachwa nyuma. Prosesa ya 2012 ilikuwa imesanifiwa upya ndani, kila hatua yake ikimaliza kazi zaidi kidogo. Halafu akanipa hesabu ya darasa la nne: zidisha kore kwa gigahezi. Sita mara 2.93 ni 17.58. Nane mara 2.6 ni 20.8. Yaani hata kabla ya kupima urefu wa hatua, ile niliyoiita ya polepole ilikuwa inaongoza kwa asilimia 18 hivi.

Kuhusu jina, alinitoa ujinga ambao nauona leo kwa mpwa wangu. Kati ya matoleo hayo mawili Intel walibadilisha namna ya kuzipa prosesa zao majina, kwa hiyo 5670 na 2670 hazimo kwenye rula moja. Ile 2 ya mwanzo katika 2670 inaeleza tu kwamba prosesa hizo zinaweza kukaa mbili kwenye ubao mmoja. Kuzilinganisha kwa namba ni kama kulinganisha nyumba kwa namba za viwanja.

Basi nikageuka, nikawa mhubiri wa E5-2670. Nikamwahidi mhasibu kwamba mishahara, iliyokuwa ikimweka ofisini hadi jua kuzama kila mwisho wa mwezi, sasa itakwisha kabla ya chai ya saa nne. Tukahamisha. Siku ya mishahara ikafika, na mhasibu akaniita akaniuliza kwa upole kama kweli tulikuwa tumehamisha.

Tofauti ilikuwa ndogo mno. Programu ile iliandikwa zamani, ikimshughulikia mfanyakazi mmoja baada ya mwingine katika mstari mmoja, na ikitumia kore moja tu. Mashine ilikuwa na kore 16 kwa jumla ya prosesa zake mbili, na 15 kati yake zilikaa zikimtazama mwenzao akihangaika. Kwa kazi ya kore moja mashine hizi zinakaribiana sana, maana moja hupanda hadi 3.33 na nyingine hadi 3.3. Urefu wa hatua ulisaidia, lakini si kwa kiasi cha kuiwahi chai ya saa nne.

Jambo hilo lilikwishaelezwa mwaka 1967 na Gene Amdahl, msanifu mkuu wa kompyuta za IBM System/360. Hoja yake ni kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa kasi yote. Kama sehemu moja kati ya tano haigawanyiki, basi hata ukileta kore elfu moja hutapata kasi zaidi ya mara tano. Aliyewahi kupika pilau la shughuli hahitaji kufundishwa na mhandisi. Waite majirani ishirini, vitunguu vitamenywa kufumba na kufumbua na nyama itakatwa. Mchele ukishaingia sufuriani, wote ishirini watakaa kwenye mkeka kuungoja. Tangu siku ile, mtu akiniuliza prosesa ipi ina nguvu, nami humuuliza kazi yake ni ya vitunguu au ya mchele.

Kosa la tatu lilikuwa la RAM, na lilikuwa langu peke yangu. Ile ya X5670 iliishiwa nafasi, nikaagizwa niiongezee. Kila prosesa ilikuwa na RAM tatu ndogo. Nikazitoa, nikaweka mbili kubwa kila upande. Jumla ya gigabaiti ikapanda, nikafurahi. Baada ya siku mbili watu wa takwimu wakaanza kulalamika kwamba ripoti zao zimekuwa nzito kuliko mwanzo. X5670 huzungumza na RAM kupitia njia tatu kwa wakati mmoja, na kwa RAM ya kiwango chake njia hizo hubeba hadi gigabaiti 32 kwa sekunde. Mimi nilikuwa nimeziba moja. Nilipanua ghala, nikapunguza milango. E5-2670 ina njia nne, zenye kubeba hadi gigabaiti 51.2 kwa sekunde, na kwa kazi zinazosoma data nyingi tofauti hiyo huonekana kuliko ya gigahezi. Siku hizi nikioneshwa seva ya mtumba, kwanza naomba kifuniko kifunguliwe, nihesabu RAM na nione zimepangwaje. Muuzaji huandika jumla kwenye kikaratasi, mpangilio haandiki.

Kisha ukaja mwaka 2016. Vituo vikubwa vya data vya ng'ambo vilikuwa vikibadilisha mashine, na E5-2670 zikamwagika sokoni kama maembe ya Desemba. Prosesa iliyokuwa ya zaidi ya dola 1,500 miaka minne nyuma ikauzwa kwa chini ya dola 100. Sikulala. Nikamwagiza mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakwenda Dubai, akaniletea mbili kwenye kiboksi kilichoenea kiganjani. Nikawaonesha marafiki, tukazipiga picha.

Ubao wa kuzikalisha sikuwa nao. Prosesa hizo hukaa kwenye soketi ya LGA 2011, na kila aliyenunua prosesa kwa bei ya kutupa alikuwa anatafuta ubao uleule niliokuwa nautafuta mimi. Ubao mmoja wa prosesa mbili ulikuwa ghali kuliko prosesa zote mbili kwa pamoja, bado feni, bado pawasaplai, bado RAM. Zikalala kwenye droo karibu mwaka. Nilikuwa na abiria wawili wa daraja la kwanza na sina basi. Hapo nilijifunza kuuliza bei ya mashine inayowaka, mezani, mbele ya macho yangu. Bei ya kipande chake kimoja ni hadithi tu.

Kungoja huko kulinifundisha pia kuutazama ubao kama ngazi. Soketi ya X5670, yaani LGA 1366, imeishia kwa ukoo huohuo. Juu yake kuna ndugu zake wachache wenye mwendo zaidi, nao hawana zaidi ya kore 6. Bodi nyingi za E5-2670, BIOS ikisasishwa, hupokea toleo la v2 lililotoka Septemba 2013, lenye prosesa za hadi kore 12. Anayenunua mashine ya pili ananunua na vidato viwili vitatu vya baadaye. Wa kwanza amenunua dari.

Wakati prosesa zangu ziko kwenye droo, ofisi iliiuza ile seva ya X5670 kwa wafanyakazi kwa bei ya kirafiki. Nikaibeba hadi nyumbani, nikaiweka ukumbini, nikaiwasha mchana na usiku ili nifanyie majaribio na kuhifadhi picha za familia. Feni zake zilivuma kama mashine ya kusaga. Baada ya wiki tatu mama watoto akaja na risiti za umeme wa LUKU mkononi. "Baba, umeingiza friji ngapi humu ndani bila kuniambia?"

Niliazima kipimo cha kuchomeka ukutani. Mashine, ikiwa haifanyi lolote la maana, ilivuta karibu wati 200. Tukakaa mezani na kalamu. Wati 200 kwa saa 24 ni uniti 4.8. Kwa siku 30 ni uniti 144. Shilingi elfu moja ilikuwa ikitupa uniti kama 2.8, kwa hiyo kila mwezi mashine ilikuwa inakula zaidi ya shilingi 51,000, na kwa mwaka zaidi ya 600,000. Tena mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi alikuwa na bei yake nafuu. Seva yangu peke yake ilitumia karibu mara mbili ya kiwango hicho. Mwaka mmoja wa umeme ulikuwa umezidi bei niliyoinunulia. Mama watoto akahitimisha: "Basi hukununua kitu. Umeajiri mtu, na mshahara wake unatoka kwenye hela ya mboga."

Sijasikia maneno sahihi zaidi kuhusu prosesa kuukuu. Bei ya dukani ni ada ya kumwita kazini. Mshahara unaanza siku unapobonyeza swichi.

Baadaye nilipata seva kamili ya E5-2670, nikaipima kwa kipimo kilekile. Wauzaji wengi husema X5670 ni nafuu kwa umeme kwa kuwa karatasi yake imeandikwa wati 95, na mwenzake 115. Namba hiyo inaeleza joto ambalo kipozeo kinapaswa kulimudu prosesa inapofanya kazi nzito. Haielezi kinachotoka ukutani. Ukiigawa kwa kore, X5670 ina karibu wati 15.8 kwa kila moja na E5-2670 ina 14.4. Isitoshe, kwenye ubao wa X5670 njia za kadi za PCIe zinasimamiwa na chipu nyingine ya pembeni yenye tumbo lake, ilhali E5-2670 imebeba njia 40 za PCIe ndani yake yenyewe. Mwenye wati nyingi kwenye karatasi akamaliza kazi mapema na kupumzika.

Somo la mwisho lilinijia mwaka 2021, usiku. Nilikuwa nasimamia mfumo mdogo wa oda wa mteja mmoja, ukiwa juu ya ile X5670 ya ukumbini. Nikaamua kupandisha kanzidata ya MongoDB kwenda toleo la 5.0. Ikagoma kuwaka. Hakukuwa na maelezo, ila ujumbe mfupi kwamba prosesa imepewa amri isiyoijua. Nikailaumu diski. Nikaipima RAM. Nikasakinisha upya mara mbili. Alfajiri nikasoma nilichopaswa kusoma kabla ya kuanza: toleo hilo linahitaji prosesa yenye amri za AVX, na AVX ilikuja na kizazi cha E5-2670. X5670 haina, na haitakuwa nayo. Nikahamisha mfumo kwenye mashine ya pili, ukawaka mara moja.

Nilipoanza kufuatilia, niliona mlango umekuwa ukifungwa taratibu. TensorFlow iliyotolewa tayari kwa kusakinishwa ilianza kudai AVX mwaka 2018, kuanzia toleo la 1.6. VMware walipotoa ESXi 7.0 mwaka 2020, kizazi cha X5670 kiliachwa nje ya orodha. Prosesa yangu haikuharibika. Ilikuwa kama noti ya zamani iliyoondolewa kwenye mzunguko: safi, haijachanika hata pembe, na muuza nyanya anakurudishia.

Na foleni hiyo haijaishia hapo. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka Mei 2025, inadai amri za AVX2, ambazo kwenye ukoo wa E5 zilikuja na v3 mwaka 2014. Mbele ya mlango huo E5-2670 niliyoihubiri inasimama nje pamoja na mzee wake. Kila mshindi wa ulinganisho wa mashine ana tarehe yake ya kuisha.

Hayo yote nilimwambia mpwa wangu kwa simu, kwa ufupi kuliko hapa, maana alikuwa bado amesimama dukani. Nikampa kazi moja. "Una faili la katuni yenu kwenye flashi? Mwombe mwenye duka aziwashe zote mbili. Piga hesabu ya picha ileile kwenye kila mashine, ushike saa."

Alipiga baada ya saa mbili. Kazi ya picha za Blender ni ya vitunguu, hugawanyika kwa kore zote, na E5-2670 ilikuwa imemaliza mbele: kazi ya dakika kumi iliifanya kwa saba na nusu hivi. "Lakini mjomba, haijamaliza kwa nusu ya muda, na bei ni mara mbili. Kwa hesabu ya shilingi, ya kwanza si ndiyo inashinda?"

Nilifurahi, maana lilikuwa swali bora kuliko la mwanzo. Tukachukua karatasi kila mtu upande wake. Tuseme zote zinavuta wati 300 zikiwa kazini. Kazi ya saa 10 kwenye X5670 ni uniti 3. Kwenye E5-2670, saa 7 na nusu, ni uniti 2.25. Tofauti ni uniti 0.75 kwa usiku, chini ya shilingi 300 kwa bei ile ya LUKU. Haitoshi kuamua lolote. Kwa mashine hizi mbili umeme hautenganishi sana ipi na ipi. Unatenganisha kuwasha na kuzima. Kinachobaki ni zile saa mbili na nusu za kila usiku, vidato vya ngazi, na mlango wa AVX.

"Saa mbili na nusu," alirudia. Akanyamaza. "Mteja wetu anataka kazi asubuhi."

"Basi umeshajijibu. Ukiweza kusubiri miezi michache, ongeza hela utafute v3. Kama mteja anangoja, chukua E5, na andika kwenye daftari mwaka utakaoiacha."

Aliichukua. Siku hiyohiyo akaniuliza kwa utani kama ile X5670 yangu nimeshaitupa, niliyoisema vibaya hivyo.

Sijaitupa. Ipo stoo, kwenye rafu ya chini. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi naiwasha, inanakili picha na nyaraka za familia za wiki nzima kwenye diski zake, kazi isiyohitaji AVX wala kore nyingi. Inavuma kwa saa mbili, inakula uniti 0.4, halafu naizima. Ni kibarua wa siku moja kwa wiki, na kwa mshahara huo sijapata wa kumshinda. Juzi mama watoto alipita mlangoni ikiwa inanguruma, akasikiliza kidogo, akaangalia saa ya ukutani. "Bado dakika kumi," akasema, akaenda zake jikoni.